Chumba cha Kuvumbika Ndizi

Siku mliyoniaga mlinipa soda, mkanipa hotuba tatu, mkanipa saa ya ukutani, kisha, Mungu awasamehe, mkanipa mkungu wa ndizi niende nao nyumbani. Mtu amebeba mikungu tangu ndevu hazijamwota, mgongo umempinda, magoti yanalia kama bawaba, na zawadi yake ya kustaafu ni mkungu wa kubeba. Niliupokea kwa adabu. Mke wangu Dama aliponiona naingia nao mlangoni alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nina muda, na nyinyi mmebaki na ufunguo wa chumba. Nimeona niwaandikie yale ambayo hamkuniuliza, kwa sababu yale mliyoniuliza nilishawajibu, na hamkusikiliza. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Kazi yetu haina ngazi ya kupanda. Wa juu ni mwenye chumba, wa chini ni mbuzi wanaosubiri maganda, na sisi tuko katikati, siku nyingine karibu zaidi na mbuzi.

Nilifika Likoni nikitokea kwetu Kaloleni, nyumba ya Kikristo yenye watoto wengi kuliko sahani. Nilikuwa nimeahidiwa kibarua cha ujenzi upande wa Shelly Beach. Nilipofika, jengo lilikuwa bado shimo, na aliyeniahidi hakuonekana. Nikarudi kwa miguu kuelekea feri, na njiani nikamkuta mwanamke mfupi, mwembamba, amevaa buibui, ana sauti iliyostahili mwili mkubwa zaidi. Alikuwa akigombana na dereva wa pikapu iliyojaa ndizi za kutoka Shimba Hills. Ameshika ndizi moja mbichi, anampitishia dereva mbele ya pua.

"Waziona pembe hizi? Ndizi iliyokomaa hujaa, haina pembe. Hii bado yanyonya! Mvumbika changa hula mbovu, baba, nami sina meno ya kula mbovu. Geuza gari."

"Bi, nimetoka mbali."

"Basi warudi mbali."

Dereva akabembeleza hadi wakapatana kwamba atashusha ile iliyokomaa tu. Hapo yule mama akageuka, akaniona nimesimama natazama.

"Wewe kijana, mikono hiyo waikodisha au waionesha?"

"Naikodisha, mama."

"Basi shusha."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na marehemu Bi Mwanakombo, ambaye nyinyi wa majuzi mnamjua kwa picha iliyotundikwa juu ya mizani. Sikuandika barua ya kuomba kazi wala sikufanyiwa usaili. Niliambiwa nishushe, na nikaendelea kushusha mpaka mwezi uliopita.

Chumba hakijabadilika tangu siku ile. Kuta za mawe na udongo, mlango mfupi wa kuinamia, dirisha hakuna. Unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga mikungu bila kuibamiza, unaweka pembeni karai la makumbi ya nazi yanayofuka bila kuwaka, kisha unafunga mlango na kuziba nyufa kwa udongo mbichi. Kuanzia hapo joto na moshi ndivyo vinavyofanya kazi. Wewe unabakiwa na kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kukaa nje. Bi alinipa sheria moja tu.

"Mlango ukishafungwa, haufunguliwi kwa sababu ya wasiwasi. Moto ukiwaka, fungua. Mwizi akiingia, fungua. Siku ikifika, fungua. Wasiwasi wako wende nao kwenu."

Nilivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili, Bi alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaanza kuwaza. Kama moshi umezimika? Kama zinaoza? Nikafungua upana wa kiganja tu, nikachungulia, sikuona kitu kwa giza, nikafunga na kukandika udongo upya. Siku ya kufungua ilipofika, mikungu ya ukutani ilikuwa njano, ya katikati ina michirizi, na ya mlangoni kijani kama ilivyotoka shambani. Bi hakupiga kelele. Aliinama akautazama mlango.

"Nani alichungulia?"

"Labda paka, Bi."

"Paka huyo ana vidole vitano?"

Alama za mkono wangu zilikuwa zimekauka kwenye udongo, zote tano, wazi kabisa. Adhabu yangu ilikuwa kula zile zisizouzika. Nilizila za kuchemsha, za kuchoma, za kukaanga na za kuponda, asubuhi na jioni, mpaka nikawa najua mapishi yote ya ndizi yanayojulikana kuanzia Likoni hadi Lungalunga. Nadhani ndiyo shule pekee ninayoweza kusema nilihitimu.

Vifaa vya kazi ni vichache, na ninawasihi msivipoteze. Kisu kiwe kifupi na kikali, maana kisu butu hulichana chane na ndizi zinatoka na majeraha. Karai lisiwe na tundu. Pua msiiharibu kwa sigara, kwa sababu harufu ndiyo hupita ukutani kuwaambia mambo yanavyokwenda ndani. Na mgongo wa mkono, si kiganja, ndio hupima joto la mlango. Kuhusu nguo, sina la kuwasaidia. Utomvu wa ndizi hautoki, linalotoka ni shati. Dama anasema alipokubali kuolewa nami aliuliza swali moja tu, kama kuna shati lolote nililo nalo lisilo na madoa. Nilimwambia lipo. Siku ya harusi akagundua kwamba niliazima.

Lakini kuvumbika kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa benchi. Mbele ya chumba palikuwa na benchi la mti wa mnazi, na juu ya benchi lile alikaa kila mtu wa Likoni aliyekuwa na ugonjwa usiomtosha kwenda hospitali. Bi Mwanakombo aliamini, na aliwaaminisha wengine, kwamba ndizi ni dawa iliyofungwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na ganda lake la kuzuia uchafu. Anayebanwa na misuli, ndizi. Mwanafunzi wa mtihani, ndizi. Mwenye presha, ndizi, na apunguze chumvi. Mjamzito anayetapika asubuhi, ndizi kidogo kabla ya kuinuka kitandani. Katika mengi alisema kweli, na yale aliyokosea hayakumdhuru mtu, kwa sababu mgonjwa alipata angalau chakula na pa kukaa.

Tumbo ndilo lililokuwa elimu yake kuu. Tumbo linaloendesha, alisema, lipewe ndizi mbichi ya kuchemsha, hulikamata. Tumbo lililofunga lipewe mbivu yenye madoadoa, na maji mengi. Siku moja walikuja wagonjwa wawili asubuhi moja. Mwalimu Charo alikuwa amefunga choo tangu alipostaafu, kwa maneno yake mwenyewe. Fundi Salim, mwashi, alikuwa hawezi kumaliza kupanga mstari wa matofali bila kukimbia. Bi akafunga vifurushi viwili kwa majani ya mgomba, mbichi kimoja na mbivu kimoja, akanipa nivipeleke majumbani.

Vifurushi vya majani hufanana, nami njiani nilikutana na Dama, ambaye wakati ule hatujaoana. Nikaviweka chini ili nimsalimie vizuri. Nilipoviinua, nilikuwa najua jina la mtaa wao na siku anazokwenda sokoni, ila sikujua tena kipi ni cha nani. Nikakisia.

Kesho yake Mwalimu Charo alifika benchini uso umemvimba kwa hasira. Bi akamsikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, kisha akauliza kwa upole uliotisha, "Na Fundi Salim yuko wapi?"

"Hakuweza kuja," akasema Mwalimu. "Nimepita kwake. Ameongea nami akiwa chooni."

Nilitumwa nirudi mbio na vifurushi sahihi, na bibi mzima akanifuata nyuma kuhakikisha. Wote wawili walipona. Urafiki wao ulianzia hapo, kwa sababu walipata adui mmoja, na kila walipokutana nami barabarani walinyanyua mikono kama watu wanaotishwa kwa bunduki.

Faida nyingine za mgomba nilizijifunza kidogo kidogo. Jani likipitishwa juu ya moto hulegea, na hapo hufunga samaki bila kupasuka au hufunika sufuria ya pilau chini ya kifuniko mvuke usitoke. Mama mmoja wa bajia aliungua mkono kwa mafuta, Bi akaupoza kwa maji ya mfereji hadi mama akachoka, akaufunika kwa jani bichi lililosafishwa kwa sababu haligandi kwenye kidonda, kisha akampeleka zahanati yeye mwenyewe. Majivu ya maganda makavu yanalainisha kunde. Kamba za mgomba zinafunga kila kitu isipokuwa mdomo wa Bi Mwanakombo. Na upande wa ndani wa ganda unang'arisha kiatu cha ngozi. Hili la mwisho niliwafundisha wanakwaya wenzangu kanisani kabla ya sherehe ya askofu. Viatu viling'aa. Nilichosahau kuwaambia ni kwamba lazima ufute tena kwa kitambaa kikavu. Tulipofika ubeti wa tatu, sisimizi walikuwa wamefika magotini, na sauti ya pili na ya tatu zikaanza kuimba kwa kurukaruka. Askofu alitusifu kwa uchangamfu.

Sasa niwaeleze kuhusu mwezi, kwa maana Ramadhani inawakaribia na sitakuwepo.

Mnajua kwamba futari ya kwetu haijakamilika bila ndizi za nazi, yaani ndizi kubwa za mkono wa tembo zilizopikwa kwa tui, sukari na iliki. Ndizi hiyo iwe mbivu lakini isimame. Ikiwa bado, mtu anatafuna kama kiazi. Ikizidi, inayeyukia kwenye tui na mume anauliza huu ni uji wa nini. Maana yake mikungu iive sawasawa na mfungo wa kwanza, na mfungo wa kwanza unategemea mwezi, na mwezi hauna simu. Mimi ni Mkristo, lakini nawaambia hakuna Mwislamu wa Likoni aliyeutafuta mwezi kama mimi. Tena kuna wanaofuata mwezi wa hapa na wanaofuata mwezi wa mbali. Bi alipanga mikungu mafungu mawili ili kila mtu apate ndizi za mwezi wake, na hakumuuliza mtu sababu. Desturi ya chumba ilikuwa kwamba mlango wa ndizi za Ramadhani haufunguliwi mpaka mwezi uandame. Watu wote walilijua hilo. Ndipo lilipotoka balaa.

Jioni moja ya siku ya shaka, mawingu yametanda, watu wako barabarani wanatazama juu, nami nimekaa nje ya chumba nalinda. Mara nikasikia kilio ndani. Safari hii paka alikuwa wa kweli. Aliingia tulipokuwa tunapanga, tukamfungia. Nikafikiria sheria ya Bi, moto, mwizi, siku. Paka hakutajwa. Lakini alikuwa analia kwa uchungu, nikafungua, nikamtoa, nikafunga.

Wakati ule ule walikuwa wanapita watu. Hawakuuliza kitu. Waliona mlango uko wazi nami, Katana, nimesimama na tochi, wakageuka wakaenda zao haraka. Kabla ya isha mtaa mzima ulikuwa umeambizana kwamba mwezi umeandama. Wanawake wakaloweka kunde, wengine wakaanza kupika daku. Tangazo lilipotoka kwamba mwezi haukuonekana, kuna nyumba zilizogoma kuliamini, wakisema redio inaweza kukosea lakini chumba cha Bi Mwanakombo hakijawahi.

Asubuhi sheikh wa msikiti wa jirani akaja benchini, akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Katana, wewe ni Mkristo?"

"Naam, sheikh."

"Waimba kwaya?"

"Naimba, sheikh."

"Basi nakuomba, kwa heshima ya dini zote mbili, usitutangazie mwezi."

"Sheikh, wallahi nilikuwa namtoa paka."

Sijui kiapo kile kilinitokaje. Sheikh akaanza kucheka hadi kofia ikamdondoka, na alipoondoka alinunua chane moja. Bi aliniongezea paka kwenye orodha ya sababu za kufungua mlango, kwa sharti kwamba atolewe mchana.

Miaka hii ya karibuni wamekuja watu wa unga wa kuivisha ndizi haraka. Wananyunyiza dawa yao, na asubuhi ndizi ni njano kama rangi ya ukuta, ukiimenya ndani ni gogo. Bi aliziita ndizi zilizojipaka poda. Watawashawishi na nyinyi, watawaambia moshi umepitwa na wakati. Waambieni hivi tu: unga ule si wa kula, na watakaokula ni majirani zenu.

Kesi ngumu kuliko zote katika maisha yangu ya kazi haikukaa benchini. Ilikuwa ya mwenye benchi mwenyewe.

Bi alianza kuvimba miguu. Akajitibu kwa ndizi, bila shaka. Miguu ikazidi, bintiye Asha akamkamata kwa nguvu, mimi nikashika upande wa pili, tukampeleka hospitali. Baada ya vipimo tukaingia kwa daktari, msichana mdogo mwenye macho ya upole. Akamweleza Bi polepole kwamba figo zake zimechoka. Ndizi, akasema, ina madini ya potasiamu, na kwa mtu mwenye figo nzima ni baraka, kwa misuli na kwa presha, kwa sababu yanayozidi figo huyatoa. Zake hazitoi tena. Yakijaa kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Kuanzia siku ile, ndizi asile.

Bi alinyanyua kitwa, kama mwenyewe alivyokiita, akamtazama yule msichana.

"Daktari, wajua wanena na nani?"

"Najua, Bi. Mimi ni mtoto wa Likoni. Wakati wa mitihani mama alikuwa akininunulia ndizi zako kila siku."

"Na ukapita?"

"Nikapita."

"Basi ndizi zangu zimekusomesha wewe, na sasa waja kunikataza nazo."

"Ndizo zilizonisomesha, Bi, hata nikajua kukukataza."

Bi akajifunga buibui vizuri, akainuka. Tuliporudi, nje ya mlango wa nyumba Asha akanishika mkono. "Kaka Katana, mama akila ndizi moja kutoka chumbani kwako, nitakufungia humo ndani na makumbi yako." Alikuwa anatania, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi pia niliogopa. Mama huyu alinipa kazi, alinipelekea posa, alisimama harusini kwetu kanisani na buibui lake akiwakemea wapigapicha. Sikutaka afe, na zaidi sikutaka auawe na ndizi niliyoivumbika mimi.

Vita vikaanza. Siku ya kwanza alisema anataka kuonja tu, kwa ajili ya kazi, na kwamba kuonja si kula. Nikakataa. Siku ya pili akadai mkono wa tembo si ndizi, ni chakula, waulize watu wote. Nikakataa. Akamtuma Fundi Salim aje kununua chane moja, na Salim, ambaye hajawahi kujua kudanganya, akaniambia, "Nimeambiwa niseme ni yangu." Nikamrudisha mikono mitupu. Bi akaninunia. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba kwa ukuta.

Kisha habari za ugonjwa zikaenea, na hapo ndipo tulipoona matunda ya mafundisho yake. Watu wote waliokaa kwenye benchi lile kwa miaka yote ile walikuja kumjulia hali, na wote walileta kile alichowafundisha kumpelekea mgonjwa. Mwalimu Charo alileta mbivu zenye madoadoa. Mama wa bajia alileta za kuchemsha. Sheikh alituma chane zima na dua. Timu ya mpira ya mtaa ilileta mkungu, wakaubeba wawili wawili kwa zamu. Nikaacha chumba, nikaweka kiti mlangoni kwake, nikawa nazipokonya ndizi zile pale pale kizingitini, na nyingi nilizitambua kwa sura, maana asubuhi yake nilikuwa nimeziuza mwenyewe.

"Kwa nini humpi?" Mwalimu Charo aliniuliza kwa ukali. "Au umechanganya tena vifurushi?"

Nikamweleza habari za figo. Akakaa chini kwenye kizingiti, akavua miwani, akaifuta. "Yaani yeye peke yake," alisema, "katika Likoni nzima." Kutoka ndani tukasikia sauti ya Bi.

"Nani huyo yuwalia mlangoni kwangu? Kama ni Charo, mwambieni tumbo litamfunga tena."

Sikujua la kufanya na huzuni yake mpaka asubuhi moja nilipotatizwa na chumba. Kulikuwa na unyevu mwingi, harufu haikusema kitu, na nilihitaji kujua kama nifungue kesho au keshokutwa. Nikachomoa kizibo kidogo cha udongo ukutani, tundu la kupitisha mkono tu, nikatoa ndizi moja ya kisukari, nikaziba hapo hapo, nikaipeleka kitandani kwake. Sikumpa. Niliishika mimi, nikaisogeza karibu na pua yake.

Aliyafunga mato, yaani macho kwa lugha yake. Akavuta harufu, akaibonyeza kwa kidole kimoja karibu na kikonyo.

"Keshokutwa," akasema. "Na karai lako limezimika."

Nikarudi mbio kutazama kupitia tundu lile. Lilikuwa limezimika.

Tangu siku ile aliirudia kazi yake akiwa kitandani. Kila asubuhi nilimletea moja, akanusa, akabonyeza, akatoa hukumu na matusi, kisha nikaondoka nayo huku Asha akinisindikiza hadi nje kuhakikisha ninayo. Alianza kula vyakula alivyoruhusiwa, uvimbe ukapungua, na vipimo vikawa vizuri kiasi. Ramadhani ilipokaribia kwisha, daktari alisema kwamba siku ya Idi, ikiwa ataacha viazi na nyanya, ambavyo navyo vina madini yale yale, anaweza kula nusu ya ndizi moja ndogo. Nusu, na si zaidi.

Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuvumbika kama nilivyovumbika kwa ajili ya nusu ile. Nilikataa pikapu mbili nzima kwa sababu ya pembe. Niliuchagua mkungu mmoja wa kisukari, nikaubeba kifuani badala ya begani. Nilitandika majani mapya, nikachagua makumbi makavu moja moja, nikafunga, nikakandika udongo. Nilipanga kufungua asubuhi ya Idi yenyewe.

Ilipofika siku ya shaka, mwezi hata haujatafutwa, nikaanza kuwaza. Kama zimezidi? Kama kuna panya? Na yeye, kama hataamka kesho? Wazo hilo la mwisho ndilo lililoninyanyua. Nikafungua. Zilikuwa njano, zinanukia, hakuna hata doa la kijani. Nilijipongeza kwa sauti. Nikaifunga ile nzuri kuliko zote kwenye leso.

Mwezi ukaandama jioni ile, na asubuhi ya Idi tulikuwa sisi watatu chumbani kwake, yeye amevalishwa kanga mpya, Asha amebeba sahani. Nikaimenya ile ndizi. Nikaikata katikati kwa kisu changu, kile kifupi, na Asha akampa mama yake nusu. Bi alisema bismillahi, akauma, akatafuna taratibu, amefumba mato. Asha alikuwa analia bila kujificha, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Alimeza. Akafumbua mato, akanitafuta.

"Katana."

"Naam, Bi."

"Ulishikwa na wasiwasi."

Nilitaka kusema ni paka. Sikuweza.

"Naam, Bi."

"Siku moja," akasema, akaimaliza nusu yake hadi mwisho na kulamba kidole. Kisha akaisukuma sahani upande wangu, kwenye nusu iliyobaki. "Haya, kula uone."

Nikaitia mdomoni. Nilitafuna polepole, wote wawili wakinitazama. Ilikuwa yataka siku moja zaidi.